Wifi Nyanzobe, Uzi Ulikuwa Shingoni Mwangu

Wifi yangu Nyanzobe,

Wewe umelala, mimi silali. Anayeniandikia haya ni mjukuu wetu Yustina, maana shule mimi niliiona kwa nje tu. Ameweka daftari juu ya tumbo. Ndiyo, tumbo. Mwezi wake umefika, na mkunga ni mimi. Wewe umekwenda zako.

Serikali imetuhamisha, wifi. Sasa tunakaa kijijini huku Makere, nyumba zimepangwa mistari, hata nikikohoa jirani ananipa pole. Wewe tumekuacha peke yako kule kwenye migomba. Linaniuma. Na mvua imebeba daraja, gari la kwenda hospitali Kasulu halipiti.

Nikwambie kinachonitisha. Siyo damu, damu nimeizoea. Ni maneno yaliyomo kichwani mwangu. Tangu ufe, nikiingia kwa mzazi najisemea, "Wewe kikongwe, leo utaua mtu." Nikishajisemea hivyo, yote uliyonifundisha yanakimbia. Juzi kwa jirani nilitafuta uzi wa kufungia kitovu, nikapindua mikeka, nikafokea watu, kumbe nimeuvaa shingoni! Mtoto analia, mama yake anacheka. Wote wazima. Lakini mimi nilitoka pale bila hata kuaga.

Wewe ulijisemesha vingine. Unawakumbuka wale mapacha wa kule Titye, wa pili alipotanguliza miguu? Jasho linakutiririka, unajiita kwa sauti: "Nyanzobe, tulia. Mikono yako inajua. Sasa nini kinafuata?" Na kinachofuata kikawa kinakujia. Nikakutania, "Wifi, unaongea na nani, umeanza wazimu?" Ukanijibu bila kugeuka, "Naongea na mkunga. Nyamaza, usije ukamtia woga."

Nilicheka siku ile. Leo sicheki. Hapa nilimwambia Yustina aandike kwamba kichwa changu kimeoza. Akaweka kalamu chini. "Hilo siandiki, bibi. Wewe ndiye utakayenizalisha, halafu nikuandike mbovu?" Mdomo kama wako! Nikamwambia, basi andika kwamba naogopa, lakini mikono ninayo. Hilo ameliandika.

Naona sasa anaandika kidogo, anauma meno, anaandika tena. Anasema siyo kitu. Mwongo huyu.

Basi lala, wifi wangu mkali. Nakuaga haraka, utanisamehe. Nakuahidi nitajiita jina langu kwa sauti, wacheke wanaotaka kucheka. Mvua ikikatika nitakuja kule kwenye migomba, nikupalilie, nikae chini nikusimulie ilivyokuwa, vyovyote itakavyokuwa.

Nyabwenda, tulia. Uzi uko shingoni. Mikono yako inajua. Sasa nini kinafuata?

Maji ya moto. Yustina, weka kalamu.