Florence Keji, Uliyekuwa Sauti ya Mbuzi Mashakil

Mwaka umezunguka, Florence, tangu tukuzike makaburini Lemon Gaba, na hasira yetu haijapoa. Mimi kaka yako Loro ndiye ninayeandika. Shemeji Laku aliniomba niandike kwa upole. Nimejaribu, nimeshindwa.

Ulikuwa wa kwanza hapa Juba kumpa mnyama wa katuni sauti kwa Kiarabu chetu, wakati watoto walijua katuni husema Kiingereza tu. Ulirekodia nyumbani Atlabara, umejifunika magodoro na mablanketi ili jenereta za majirani zisisikike, ukatoka umelowa jasho chapachapa. Ukibana pua na kutafuna karanga, yule mbuzi mtundu Mashakil alikuwa hai.

Hata binti yako Scovia ulimkemea kwa sauti ya mbuzi, naye akashindwa kununa. Lakini sokoni Custom ulinong'ona tu, maana studio ya katuni ilikukataza kujulikana. Eti watoto wakijua mbuzi ni mtu, wataacha kutazama. Ukatii, na jina lako halikuandikwa mwisho wa katuni hata mara moja.

Ukafa. Mkubwa wa studio akaja matangani, akala chakula chetu, kisha akatuomba tusitaje kazi yako kwenye tangazo la msiba. Tukanyamaza kwa heshima yako. Nyumbani tulizima redio, kama tunavyofanya mpaka arobaini iishe. Kabla haijaisha, kompyuta ya studio ikawa imeshaiga sauti yako, na Mashakil anatangaza sabuni kwenye spika za Custom, kwa Kiswahili, maneno ambayo hukuyasema maisha yako yote.

Mama alikuwa pale ananunua vitunguu. Aliweka kikapu chini, akaitikia, "Florence, wewe iko wapi? Mimi iko hapa."

Watu walicheka. Mama hajakanyaga soko tena.

Tulikwenda studio kuwaambia waliondoe tangazo lile. Wakajibu kwamba mbuzi ni wao. Sawa, mbuzi chukueni. Sauti ni ya dada yangu, naye amelala. Mwacheni alale.

Jumamosi hii tutasali kaburini. Tumewaalika watoto wote wa Atlabara wanaompenda Mashakil, na Scovia atawaambia wazi kwamba mbuzi huyo alikuwa mama yake, na kwamba amekufa. Wa studio waje pia, wasikie.

Tunaokulilia ni mumeo Laku, binti yako Scovia, mama yetu Mama Keji, mimi Loro, na mawifi zako wote. Tutakukumbuka siku zote, na kuanzia Jumamosi, kwa jina lako.