Dafaya Bila Baba Sabra

Ijumaa alasiri, Riyadh. Jua limetoka, lakini ni la kutazama tu, halipashi.

Sabra amelamba povu la sabuni sasa hivi. Nililipaka kwenye mpira wa gesi nione kama litachemka, nikageuka kidogo kuchukua kitambaa, kumbe kidole kishaingia kwenye povu na kishafika mdomoni. Kakunja uso, kacheka, kisha kanyoosha kidole tena. Miaka miwili na nusu, haogopi kitu. Nimemfuta ulimi kwa pembe ya kanga, nimemkalisha kitandani na sufuria na kijiko apige ngoma yake, ndiyo nami nimepata pa kukaa na simu.

Povu halikuchemka. Mpira haupitishi gesi. Alhamdulillahi.

Nyie mlioko nyumbani mnadhani Uarabuni ni joto tupu. Hata mie nilidhani hivyo. Riyadh mwezi huu ukishika sakafu unaondoa mkono kwa baridi. Watu wanawasha dafaya, ndivyo Waarabu wanavyoiita hita hii ya gesi, kabati la bati lenye magurudumu, mtungi unakaa mgongoni, na mbele kuna vigae vinavyowaka vyekundu. Ikiwaka vizuri chumba kinakuwa kama Pemba saa nne asubuhi.

Baba Sabra yuko Jidda. Yeye ni fundi wa lifti, na kampuni yake ilimhamishia huko tangu joto halijaisha, kwenye mahoteli mapya yanayojengwa. Wanalala bweni la wanaume peke yao, mke hawezi kuingia. Nyumba ya kutuweka anaitafuta, ila mitaa mingi ya zamani inavunjwa sasa, hata mtaa wetu wa zamani, Ghulail, umeliwa nusu, na familia zote zinatafuta vyumba kwa pamoja. Kila mlango anaobisha, kuna mtu kashatangulia.

Ghulail ndiko nilikoshukia bibi harusi, kabla kazi yake haijatuleta Riyadh. Chumba cha juu, ukuta umebambuka rangi, na chini yetu kina mama wa Kiswahili, Kihausa, Kisomali, wote wanapiga kelele kwa Kiarabu kibovu. Mwezi kama huu tulikuwa tunalala madirisha wazi na feni inazunguka. Nikifumba macho nausikia mlio wa ile feni, tik, tik, ilikuwa na bawa bovu. Nilikuwa nailalamikia kila usiku. Leo ningeibusu.

Mwaka jana baridi ilipoingia, kuwasha dafaya ilikuwa kazi yake. Alipiga magoti akaipiga brashi, akapaka povu, akafungua dirisha kidogo, akabonyeza. Nami nimekaa nyuma yake na blanketi kichwani. Watu wananiuliza, we mwanamke, mwaka mzima umeona mumeo akifanya, hukujifunza? Nilikuwa namtazama yeye. Dafaya siioni.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilijua tu kwamba ikishawaka anageuka na kuniambia, "Haya, toa kichwa basi, kobe wangu."

Mwaka huu niliiacha juu ya paa na vumbi lake, tukavaa soksi mbili mbili. Sabra akaanza kukohoa. Mie nikawa nampeleka chumba cha pili kila nikizungumza na baba yake, lakini kikohozi cha mtoto hakina adabu, kikapenya ukuta. Baba Sabra akasikia.

"Huyo ni Sabra?"

"Kapaliwa na maji."

"Mama Sabra. Nakujua." Kisha akasema lile neno. "Kama baridi imewashinda, bora mwende Pemba kwa mama mpaka nipate nyumba."

Mpaka. Nawajua wanawake walioambiwa mpaka. Wako kwao mpaka leo, watoto wao wanamwita baba yule wa kwenye simu, na ikama zao, vibali vya kuishi huku, zilishakwisha muda zamani.

Mie siwezi. Sijui wengine wanawezaje, siwalaumu, ila mie kumwona kila baada ya wiki nyingi kwa siku mbili tayari kunanimaliza. Nikivuka bahari nitabaki na nini?

Basi nikamwomba Sista Achieng, Mkenya wa ghorofa ya juu, muuguzi, tukaishusha dafaya kutoka juu ya paa. Nikaifuta kwa nje tu ikang'aa. Ikawaka mara ya kwanza, moto wa njano, mrefu, unacheza kama utambi wa kibatari. Nikaona mzuri hata nikaupiga picha nikamtumia. Nikaandika, baridi tumeiweza, usihangaike na tiketi za Pemba. Akajibu kwa moyo mmoja mwekundu. Pengine alikuwa kazini, hakuutazama vizuri ule moto.

Sasa jana.

Juzi alinipigia kwamba amepata ruhusa, Ijumaa atakuwa hapa. Mwanamke wa kwetu akisikia mumewe yuko njiani hahitaji kuambiwa la kufanya. Atafukiza. Nilifua shuka, nikatoa kanzu yake, nikazitandaza kwenye tenga, nikatia makaa kwenye chetezo na udi juu yake. Nikafunga dirisha. Nikasokota kanga mbili, moja chini ya mlango, moja kwenye upenyo wa dirisha, moshi usipotee bure, uzame kwenye nguo. Hivyo ndivyo mama alivyofanya, na bibi. Lakini nyumba ya mama ina tundu kila pahala, hata ukitaka kuifunga haifungiki. Hii ya hapa ni zege na kioo chenye mpira pembeni.

Na dafaya inawaka. Na makaa yanawaka.

Kichwa kikaanza kugonga. Nikajiambia ni furaha, au sijala. Sabra akalala, yeye ambaye mchana halali hata umwimbie nyimbo zote za dunia. Nikashukuru. Niliona nafuu jamani! Nikaendelea kugeuza kanzu upande wa pili, miguu mizito, na nikawa najicheka kwamba mapenzi yanalewesha.

Mlango ukagongwa. Sista Achieng, katoka kazini, na sare yake bado mwilini, kaja kunipa unga wa ugali aliotoka nao sokoni Batha.

"Wee, hebu simama hapo kwa mwangaza nikuone. Uso wako umefanya nini?"

"Kichwa tu, Sista. Nafukiza, Baba Sabra anakuja kesho."

"Mtoto ako wapi?"

"Kalala."

"Saa hii? Sabra? Alale saa hii?"

Hakungoja jibu. Kanipiga kikumbo kaingia, nasikia, "Woi! Woi! Nani amefunga hapa kama kaburi?" Katoka na Sabra begani, miguu ya mwanangu inaning'inia. "Toka nje wewe! Wachana na kanzu! Huyo bwana atavaa hata gunia!"

Ngazini kwenye hewa akawa anamwita na kumpigapiga miguu, "Sabra, Sabra, mama, amka uone mtu mbaya." Sabra akafungua macho, akatapika, akalia.

Sijawahi kukipenda kilio kama kile.

Sista akafunika pua, akarudi ndani kufunga mtungi na kufungua madirisha, kisha akatupakia kwenye gari lake. Anaendesha kama anayegombana, anawatukana madereva wa teksi kwa Kijaluo. Miaka michache nyuma mwanamke asingeshika usukani mji huu, tungesimama barabarani kuomba lifti. Hospitali wakatuvalisha hewa safi usoni, mie na Sabra, kitanda kimoja. Walituachia jioni.

Sista alinieleza tukiwa bado tumelala pale, sauti imetulia sasa. Moto unakula hewa ya chumba. Ukikosa ya kutosha unaanza kutoa sumu, na sumu hiyo haina rangi wala harufu. Gesi mbichi ikivuja utaisikia, inanuka. Hii huisikii. Inakuja kwa kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi. "Ukiona hivyo huulizi mtu, unatoka na mtoto. Na mtu akilala na hiyo kitu ikiwaka, kesho yake tunamwita sisi haamki."

Nikampigia Baba Sabra mwenyewe. Sikumficha. Alikuwa anafunga begi, nikasikia zipu inakwenda, nilipofika kwenye neno hospitali ikasimama.

"Mpe simu alie nimsikie."

"Kalala. Usingizi wa kweli, Sista yupo, anamtazama."

Nikasikia zipu ikafungwa. Kisha, "Nilikwambia habari ya Pemba." Kisha, "Kesho tutazungumza."

Nimelala na maneno hayo mawili. Dafaya haikuwashwa, tulijifunika sote mablanketi, Sista kati yetu anakoroma.

Asubuhi duka la gesi la hapa chini lilikuwa wazi kabla ya sala ya Ijumaa, nikamwomba muuzaji apande. Mzee wa Kiyemeni, mpole. Kaivua dafaya kifuniko, kaniita nitazame: vumbi la kiangazi kizima limejaa kwenye matundu ya kuvutia hewa. Ndiyo maana moto ulikuwa njano. Moto mzima una rangi ya buluu chini na kigae kinaiva chekundu sawasawa, ule wa njano wenye ndimi ni moto unaokabwa. Tukaipiga brashi. Mpira wa zamani alipoukunja ukaonesha nyufa, akautupa, akatia mpya na kuukaza. Akachanganya sabuni, akanipa mie kitambaa. "Yalla, wewe." Nikapaka. Akasema kila nikibadilisha mtungi nipake tena, mie kwa hofu leo nimerudia bila hata kuubadilisha, na nitarudia kesho, na Sabra atalamba tena.

Aliyaona na yale niliyokuwa nayafanya bila kujua. Nepi za Sabra nilizianika mgongoni pa mtungi. Pazia linaigusa dafaya. Akazishika nepi kwa ncha za vidole, akatikisa kichwa, "La, ya bint, mafi!" yaani hapana, binti, hakuna! Sasa hatua mbili kubwa pande zote hakuna kitu. Dirisha liwe wazi upana wa vidole viwili, muda wote inapowaka. Ikinuka gesi, nisiguse hata swichi ya taa, nifunge mtungi, nifungue madirisha, nitoke. Na kabla ya kulala inafungwa huku kwenye kichwa cha mtungi, si kule mbele tu.

Sista kabandika king'ora kidogo ukutani, cha kulia hewa ikiharibika. Alikinunua awe nacho kwake. Nikamwambia sasa wewe je? Kasema, "Mimi niko na baridi ya Limuru mwilini, hita sihitaji. Nyamaza."

Yote nimeshayajua. Naishika swichi ya dafaya, naiachia, na mpaka saa hii sijaiwasha.

Maana kuna kitu sikumwambia Sista, wala mzee, naandika hapa. Nilifunga lile dirisha kwa ajili yake. Nilitaka akiingia tu, anuke nyumba yake, anuke mie, aone uzito kuondoka tena. Nilitaka harufu imzuie mlangoni Jumapili. Na kwa kumtaka hivyo karibu nimpoteze mtoto. Mwanamke anayemtaka mumewe kiasi hicho, anafaa kuachiwa nyumba? Nikiwa yeye ningesema nini?

Ningesema Pemba.

Na hata hivyo sitaki kwenda.

* * *

Nimerudi. Maghribi imeadhiniwa na amefika.

Kashuka basi Batha, kaja na boksi la samaki wa Jidda kwenye barafu, limemlowanisha suruali upande mmoja. Hakunisalimia kwanza. Kamchukua Sabra, kamnusa kichwa, kamtazama kucha, midomo, kamwambia atoe ulimi, Sabra naye kautoa wote na kumpigia mbinja za mate. Ndipo akanitazama. Kakonda. Ndevu zina vumbi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikasema, "Umelowa."

Akasema, "Samaki."

Basi. Tumekaa hivyo.

Sasa mie niko jikoni, mchele uko motoni, yeye chumbani kapiga magoti mbele ya dafaya na mtoto begani. Namsikia. Kakunja mpira. Kafungua kifuniko, kachungulia matundu kwa tochi ya simu. Kabonyeza king'ora kikalia, Sabra kapiga kelele ya furaha, kabonyeza tena. Kaenda dirishani. Kila anachokagua naona ananikagua mie, bora angenigombeza. Nimejipangia. Nikitia chakula nitamwambia kwamba Pemba siendi, kwamba nilikosea na nimejifunza, na kama nyumba Jidda hazipatikani basi tuje tuzitafute pamoja, mwanamke anaona milango ambayo mwanamume

Ananiita.

"Mama Sabra! Njoo uiwashe hii, mie siigusi. Nataka niuone mkono wako, nikirudi Jidda nipate kulala. Habari ya Pemba tuiache."

Tuiache! Kasema tuiache. Nimefunika chungu, nimekosea kifuniko. Nacheka peke yangu hapa na machozi yananitoka, maana kasema pia nikirudi, na siku zenyewe ni mbili, na mie nilitaka

"We Mama Sabra! Sie tunaganda huku!"

Nakuja, jamani, nakuja, nilikuwa namalizia kusema tu kwamba