Maana ya Fulbeki

Khuwair ya Kusini, Maskati
3 Oktoba 2025

Mjukuu wangu Atheer,

Assalaam alaykum. Kwanza uniwie radhi kwa kimya changu cha miezi miwili. Nilitolewa mtoto wa jicho, la kulia kisha la kushoto, na daktari akanikataza kusoma na kuandika. Sasa nnaona vizuri, alhamdulillah. Mama yako Khulood ni mzima na anakusalimu. Wewe je, u mzima? Unakula?

Picha zako za mpira mwaka jana niliziona ukungu mtupu, lakini orodha ya kikosi cha chuo chenu nimeisoma yote. Kila nafasi ina majina matatu, nyengine manne. Kwenye fulbeki limo jina lako peke yake. Nani yuko nyuma yako? Timu isiyokuwa na akiba inategemea dua kuliko mazoezi.

Uliponiomba ruhusa ya kucheza nilikuuliza nafasi gani, ukanijibu fulbeki. Na mimi nilikuwa fulbeki wa kushoto skuli, Unguja. Nikamwambia mama yako, "Mwache. Huyo hukaa nyuma, karibu na golikipa. Vumbi la mbele halimfikii." Basi kaa nyuma.

Katika barua yako ya Julai uliandika "kitabu yangu". Ni "kitabu changu". Endelea kuandika kwa mkono, kisha upige picha uitume. Herufi za simu hazinioneshi hali ya mtu.

Babu yako,
Marhoon


Ohio, 9 Oktoba 2025

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwamba macho yamefunguka. Mimi mzima, nakula, ijapokuwa wali wao hauna nazi wala huruma.

Umeuliza kuhusu akiba. Tulikuwa watatu. Mmoja alichanika kano za goti mwezi wa Agosti, kwenye mazoezi, hata msimu haujaanza. Wa pili amehamia chuo kingine. Vyuo vingi siku hizi havina fulbeki kabisa; wanasema ni nafasi ya kizamani. Kocha wetu bado anaipenda, kwa hiyo nimebaki mimi. Kila akinipita husema, "Wewe, marufuku kuugua!" Sote hucheka.

Asubuhi kichwa huniuma kidogo. Nadhani ni baridi.

Mechi ya Jumamosi itaoneshwa kwenye mtandao. Usijisumbue kuitazama, Babu. Macho bado mapya.

Mjukuu wako,
Atheer


Khuwair ya Kusini, Maskati
14 Oktoba 2025

Atheer,

Assalaam alaykum. Safari hii nnakuuliza afya yako kwa kutaka jibu.

Niliitazama mechi. Jumapili baada ya alasiri nilikwenda Mabela kwa rafiki yangu Safwan, na binti yake Shatha akatuwekea iliyorekodiwa kwenye televisheni yao kubwa. Hata mpira wenyewe haukuwa duara. Umechongoka kama papai dogo. Nikamwonesha Safwan, "Yule mwenye namba thalathini na moja." Nikakuona unamtangulia mwenye mpira, umeinamisha kichwa, ukajipigiza kwenye kifua cha jitu. Ukainuka. Ukarudia.

"Marhoon," akasema Safwan, "huyu ndiye fulbeki wako anayekaa nyuma? Huyu kondoo dume anawavunjia wenzake ukuta!"

"Labda leo wamembadilisha nafasi."

"Wamembadilisha mara ishirini na sita? Nnahesabu, bwana."

Mara ya ishirini na saba ulichelewa kuinuka. Ulipoinuka, ukaenda kusimama upande wa wapinzani. Safwan alicheka. Mimi sikucheka, na yeye akaacha.

Ulinijibu neno la kweli, ukaniacha nilielewe kwa uongo. Daktari amesemaje? Niandikie kwa sentensi kamili.

Babu yako,
Marhoon


Ohio, 26 Oktoba 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukuchelewesha. Kila nikishika kalamu naona haya. Hujambo? Mama hajambo?

Nilijua kwamba unamfikiria fulbeki wa mpira ulioucheza wewe. Katika mpira wa Kimarekani, fulbeki ndiye anayetangulia kugonga ili mwenye mpira apite. Ningekueleza siku ile, ungekataa. Nikanyamaza.

Ni mtikisiko wa ubongo, wa pili mwaka huu. Daktari wa hospitali anasema niache kabisa. Wa tatu huenda usitibike. Kocha anasema ni hiari yangu. Mechi ya mwisho ni Jumamosi, tarehe 15 Novemba. Tukishinda, tunachukua ubingwa ambao chuo hakijaupata kwa miaka thelathini.

Anayebeba mpira ni Terrell, mwenzangu wa chumbani. Nisipomfungulia njia, atapigwa kabla hajapiga hatua mbili. Watu elfu kumi huliita jina lake. Langu haliitwi na mtu, lakini kila akifunga, mpira hunipa mimi niushike kwanza.

Juzi nilitaka anipe kile kitu cha kufungulia mlango. Neno halikuja, si kwa Kiingereza, si kwa Kiarabu, si kwa Kiswahili. Nilisimama dakika nzima. Ufunguo.

Usimwambie Mama. Niambie, Babu: nicheze?

Mjukuu wako,
Atheer


Khuwair ya Kusini, Maskati
2 Novemba 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Kwa mwili, sisi ni wazima.

Nimemwambia mama yako. Kunyamaza kwangu kungekuwa uongo wa pili katika nyumba hii. Hakulia. Aliuliza kama timu haina mwengine wa kushika nafasi yako, nikamjibu hakuna. Akasema, "Na mimi nnaye mwengine?" Tangu alipofariki baba yako, mwanangu Saeed, sikupata kuisikia sauti ile.

Miaka arubaini nimesomesha sarufi. Niliwaadhibu watoto kwa kutumia neno wasilolijua maana yake, kisha nikatoa ruhusa juu ya neno moja ambalo sikuliuliza. Kosa hilo ni langu kabla ya kuwa lako, na ruhusa ile nnaifuta.

Lakini una miaka ishirini na mbili, na kamba ya kukufunga haifiki huko. Nikwambie jambo moja tu. Mwaka 1963 nilicheza fainali na goti limevimba, kwa sababu hatukuwa na fulbeki mwengine. Tulishinda. Leo hapana anayekumbuka tulicheza na nani, hata mimi. Goti nnalikumbuka kila rakaa, nnaposali juu ya kiti. Na hilo ni goti tu.

Kama Terrell ni rafiki, muulize yeye.

Babu yako,
Marhoon


Ohio, 12 Novemba 2025

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Macho yako yanaendeleaje? Huku baridi imeingia, na theluji ya kwanza ilianguka jana.

Nilimpigia simu Mama. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alinisomea Yasin mpaka mwisho, nami nikasikiliza, kisha akaniambia nivae soksi.

Nilimuuliza Terrell. Akasema, "Usiniulize mimi. Mimi nataka ucheze." Akatoka chumbani. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu. Sijui kama hilo ni jibu.

Kocha anataka jina la fulbeki Ijumaa. Ameanza kumfundisha kijana wa mwaka wa kwanza, Mutasim, Mmisri, mwenye mwili mkubwa na hofu kubwa zaidi. Jana alimgonga Terrell badala ya adui. Sote tulicheka, hata kocha, kisha kocha akanitazama.

Huku baridi imeingia, na theluji ya kwanza ilianguka jana. Macho yako yanaendeleaje?

Barua hii nimeisoma mara tatu kabla ya kuipiga picha, kwa kuogopa nisije nikarudia neno, maana najua hutaliacha lipite. Nimeona iko sawa.

Sijaamua, Babu. Nikishaamua, nitakuandikia.

Mjukuu wako,
Atheer