Sabina Hajawahi Kusema Asante

Ña Deolinda mpendwa,

Naomba msaada wa safu yako ya gazetini kabla ya Jumapili, na unisamehe kwa urefu, bibi, kwa sababu barua hii nimeianza mara nne kwenye kaunta ya duka la rangi ninapofanya kazi hapa Coronel Oviedo na mara nne nimeichana, maana jambo lenyewe ni la mchezo na mama yangu amesema mwanamume wa miaka ishirini na saba halii kwa ajili ya mchezo, ila mimi nimelia.

Mchezo wetu ni wa kuandika. Tuko kumi na mmoja kwenye kundi la simu, hatujawahi kuonana uso kwa uso, kila mtu ana mhusika wake na tunaandika hadithi moja kwa zamu, huu mwaka wa tano, hadithi ya bandari ndogo kwenye mto usiokuwepo kwenye ramani yoyote. Msimamizi ni mimi. Kanuni niliziandika mimi na ni kali, kwa sababu bila kanuni makundi haya hufa kwa ugomvi ndani ya mwezi mmoja: ngoja zamu yako, ukitaka kusema jambo lako wewe na si la mhusika liweke ndani ya mabano tujue ni wewe, ukisafiri au ukiugua toa taarifa, mhusika ni wa aliyemuumba na harithiwi, na ile kubwa kuliko zote, usiendeshe mikono ya mhusika wa mwenzio, yaani mimi naweza kuandika kwamba ninamnyooshea mhusika wako kikombe, lakini kama anakipokea au anakimwaga, hilo ni lako wewe kuandika. Maonyo matatu, unatoka.

Yanina wa Pilar alikuwa na Sabina, mvushaji wa watu mtoni, mwanamke wa jicho moja, mkavu, mdomo mchafu, ambaye kwa miaka mitano hajawahi kumwambia mtu asante, ukimwokoa asizame anakuuliza, "Ulikuwa wapi muda wote, ng'ombe wewe?" Tulimpenda sote, lakini aliyempenda zaidi ni Mirna wa Villarrica, mwenye mhusika anayeitwa Anselmo, mdogo wake Sabina, na wale wawili hawakupitisha siku bila kuandikiana.

Mwezi Machi Yanina akanyamaza. Siku kumi na mbili, hakuna taarifa. Nikampa onyo la kwanza mbele ya kundi zima, na nikaongeza maneno ambayo sasa nayaona kila nikifumba macho: "Sabina asipojitokeza mpaka Ijumaa, mto utamchukua." Ndiyo desturi yetu, bibi, mhusika aliyetelekezwa tunamwandikia kifo ili hadithi isonge mbele.

Alhamisi Sabina akaandika. "Sabina yupo. Sabina hajambo. Anapika."

Na akapika kweli, akawapikia bandari nzima vori-vori, supu ya madonge ya unga wa mahindi, akawauliza mabaharia kama wamekula, akawaambia wafunge vifungo vya shati kifuani kwa sababu upepo wa kusini umeanza, halafu akaandika, "Sabina anamvalisha Anselmo sweta. Anselmo anakubali. Anselmo analala mapema." Bibi, Anselmo ni mfanya magendo mwenye bastola mbili kiunoni. Tulicheka siku mbili, ya tatu watu wakaanza kukasirika, maana hangoji zamu, mabano hayajui, na mikono ya wote anaiendesha yeye.

Mirna akanifuata pembeni. "Derlis, huyu ananifanyia kusudi. Amenichoka. Anajifanya mjinga ili niondoke mwenyewe asije akaonekana mbaya." Nikamwambia amuulize. Akamwandikia Yanina mambo mazito faraghani, amenionyesha, kuna mahali kasema najuta kukufahamu. Jibu likaja mbele ya wote: "Sabina anamwekea Anselmo supu. Asante Anselmo, umekuwa ndugu mzuri." Hapo Mirna akalipuka. "Asante? Sabina? Sasa anamdhihaki Sabina wake mwenyewe!"

Nikatoa onyo la pili, na faraghani nikamwandikia Yanina, "Sikutambui. Kama Yanina niliyemjua amekufa, niambie, nimpe mtu mwingine nafasi yake."

Ukaja ujumbe wa sauti. Kuku wanalia nyuma, halafu mwanamke mtu mzima anaongea polepole: "Mwanangu, mimi naitwa Porfiria, ni mama yake. Yanina tulimzika tarehe tisa Machi, ni pikipiki, simu yenyewe haikupata hata mkwaruzo. Ilikuwa mezani, ikawaka, nikasoma mto utamchukua. Nikasema hapana jamani, mara ya pili hapana. Nikaandika. Tafadhali usiwaambie wenzio. Wakijua wataacha kumsemesha. Hapa nyumbani hata jina lake wanalikwepa, ila kwenu anaitwa na mimi naweza kuitika. Hayo mabano nifundishe, nitajifunza."

Nikamwahidi. Sasa Mirna ameomba onyo la tatu, watu saba wamemuunga mkono, na kura ni Jumapili. Nikimtoa mama huyu nitakuwa nimemzamisha binti yake kwa mkono wangu, nikisema ukweli nimevunja ahadi, nikinyamaza na kuikwepa kura Mirna ameapa anaondoka, na kila asubuhi namwona Sabina akimuuliza Anselmo kama amekula na Anselmo hamjibu. Nifanye nini, Ña Deolinda?

Derlis

*

Derlis, mjukuu wangu,

Majina yote yamebadilishwa hapa, hata miji. Jibu hili Graciela wa gazeti amekusomea kwa simu Jumatano, siku ileile niliposomewa barua yako, kwa sababu mimi mambo ya kungoja foleni wakati mtu anaungua siyajui. Gazeti linatoka Jumamosi. Mirna akilisoma atajijua hata akiitwa jina la malaika. Kwa hiyo una siku mbili, usizichezee.

Mwambie mama yako kwanza kwamba amekosea. Lia. Binti wa watu amekufa, ulitaka ulie kwa ajili ya nini, kitunguu?

Kanuni zenu nimesomewa na sikuona upuuzi. Mimi shule nilipita nje yake nikipeleka maziwa, lakini duara la tereré, chai yetu ya baridi ya kikombe kimoja na mrija mmoja, nimekaa tangu sijaota meno ya pili, na ni yaleyale. Anayemimina ni mmoja. Unangoja zamu. Mrija wa mwenzio hukorogi. Na ukisema asante ndio umetoka, kikombe hakikujii tena, kwa hiyo asante husemi mpaka umetosheka. Nimewahi kuona watu wazima wakinuniana miezi kwa ajili ya mrija uliokorogwa. Kwa hiyo sikucheki.

Ila wewe msimamizi, mwandishi wa kanuni, ile kubwa kuliko zote umeivunja vibaya kuliko yule mama. Yeye kamvalisha sweta mtu wa kwenye hadithi. Wewe umeshika mikono ya Mirna mwenyewe, mwenye damu na nyama, ukaitumia kumpiga maiti. Msichana amefiwa na rafiki yake wa miaka mitano na hajui! Anamnunia. Anamwandikia najuta kukufahamu, na wewe umeyasoma, sasa unajua, na bado unanyamaza! Na maneno yale yanamfikia nani? Yanafika mezani kwa Porfiria, naye anajibu kwa supu. Umewakalisha wanawake wawili wanaomlilia mtu mmoja, mmoja anamtukana mwenziwe, mwingine anampakulia, halafu unaniuliza mimi habari za ahadi.

Ahadi uliitoa kwa huruma, sawa. Kilio cha mama kikiingia sikioni mtu huahidi hata kuushusha mwezi. Lakini uliahidi kitu kisichokuwa chako.

Sasa nitakwambia jambo langu, nalo sitalirudia. Mwanangu Wilfrido alikufa na miaka thelathini na moja. Kwenye duara letu alikuwa anakaa kulia kwangu, kwenye kigoda kilichovunjika mguu. Baada ya kumzika niliendelea kumimina. Zamu yake ikifika najaza, nakiweka kikombe juu ya kigoda, nangoja, halafu nakunywa mimi kwa niaba yake na kujaza cha anayefuata. Hakuna aliyenisemesha. Wakwe zangu walitazama chini. Walidhani wananionea huruma, na mimi nikawa nakauka mbele yao kama ngozi juani, miezi minne. Aliyenisaidia ni jirani yangu Eulalia, mwanamke mkali nisiyempenda hata leo. Siku moja nimejaza, akaweka kiganja chake juu ya kikombe. "Deolinda," akasema, "mtoto huyu ameondoka bila kusema asante. Hakuwahi. Lakini ameondoka." Nilimrushia birika, Derlis. Maji ya baridi yote yakammwagikia kifuani. Hakuinuka. Alikaa na nguo mbichi, nikalia, naye akaanza kuniuliza: Wilfrido alikuwa anapenda nini, alikuwa anaogopa nini, ile siku ya utotoni alipoanguka kisimani ilikuwaje? Ndiyo mara ya kwanza tangu mazishi jina lake litajwe mbele yangu.

Porfiria anadhani wakijua wataacha kumsemesha binti yake. Anajidanganya kwa maumivu. Hakuna anayemsemesha Yanina hapo sasa. Mnamsemesha mtu mliyemchoka na mnayetaka kumfukuza. Yanina mwenyewe, yule mwenye kumwita kila mtu ng'ombe, hajatajwa na yeyote tangu Machi. Hata mama yake hamjui huyo. Anamwandika Sabina mpole kwa sababu hajui kwamba binti yake alikuwa na mdomo wa kuchekesha watu kumi mara moja. Hilo mnalo nyinyi. Mnamnyima.

Basi sikiliza. Kura futa leo. Wewe ndiye msimamizi, usijifiche nyuma ya watu saba.

Kesho mpigie Porfiria. Mpigie, nimesema, usimwandikie. Piga saa ya usingizi wa mchana, nyumba yake ikiwa imelala na yeye hajalala, nakuhakikishia hajalala. Kwanza mwombe msamaha kwa yale ya mto na yale ya "kama amekufa niambie". Usijitetee kwamba hukujua. Kisha mwambie Mirna ni nani, na kwamba utamweleza ukweli jioni hiyohiyo. Mwambie, usimwombe ruhusa, ukimwomba atasema hapana na utakwama palepale. Mpe nafasi ya kuwa kwenye simu pia kama anataka. Atalia, na pengine atakuita mwongo. Pokea. Unastahili kuitwa hivyo.

Halafu Mirna. Yeye atakuwa mbaya zaidi, kwa sababu yale aliyoandika hayafutiki, na ataishi nayo. Sina dawa ya hilo. Usimwambie kwamba Yanina hakuyaona. Atakuuliza ni nani basi aliyeyaona, nawe utamjibu ukweli. Kaa naye kwenye simu mpaka achoke yeye kwanza.

Kundi zima liambie baada ya hao wawili, ndani ya hayo mabano yenu, kwa sentensi fupi. Wengine wataondoka. Waache.

Na Sabina? Mto usimguse. Kumpa mtu mwingine pia hapana, na mama yake asiendelee kumvaa kama sweta la marehemu. Porfiria akitaka kubaki, na nadhani atataka, mpeni mhusika wake mwenyewe hapo bandarini, mpishi, maana kupika tayari anapika. Mfundishe zamu, mfundishe mabano, na akiendesha mikono ya mtu mpe onyo kama wengine, usimwonee huruma ya kumwacha afanye lolote, hiyo ndiyo waliyonionea wakwe zangu. Huko kwenye mabano mumuulize habari za Yanina. Alipokuwa mdogo alikuwaje, alimtukana nani kwanza. Nanyi mumweleze ya kwenu, na matusi yote, msimsafishie.

Sikuahidi kwamba huzuni itapoa. Ya kwangu ina miaka kumi na tisa, na kile kigoda bado nakiruka nikifagia.

Lakini kabla ya hayo ya mpishi, mpeni Porfiria zamu moja ya mwisho kwa mkono wa Sabina. Moja tu, na wote mkiwepo, Mirna akiwa wa kwanza. Asipike, asimvalishe mtu. Anselmo amnyooshee dada yake kikombe, Sabina akipokee, anywe mpaka mrija ulie, akirudishe, aseme lile neno ambalo Sabina wa Yanina hakuwahi kulisema na ambalo Yanina mwenyewe hakupata muda wa kulisema barabarani. Kisha wewe, msimamizi, jaza tena, umpe anayefuata.

Ña Deolinda