Mimba Niliyoizua Ili Nilale

Nyamitaba, Jumatano, Novemba 1954. Mvua tangu asubuhi.

Mwanangu nimerudishiwa. Naandika haraka wakati amelala, maana akiamka mikono hii si yangu tena.

Daftari hili nilipewa na masista nilipomaliza shule ya ushoni, ili niandike humo mapishi na namna ya kumwosha mtoto. Ukurasa wa kumwosha mtoto upo, na mwandiko ni mzuri sana. Hakuna sista aliyetuambia mtoto akishaoshwa anafanya nini baadaye.

Basi niseme ukweli, hata kama hakuna wa kuusoma.

Boni ni mtoto wangu wa kwanza. Tangu azaliwe sikulala usingizi wa mtu mzima. Alikuwa analia kuanzia jioni, ananyamaza alfajiri, na alfajiri ndiyo saa yangu ya kwenda shambani. Nimepalilia maharage naye mgongoni. Nimebeba kuni huku yeye yuko mgongoni na mzigo uko kichwani. Nimesinzia kanisani katikati ya Baba Yetu nikiwa nimesimama. Siku moja nilimwaga chungu kizima cha maharage yaliyoiva kwenye majivu, nikakaa chini nikacheka. Anselme, mume wangu, alidhani nimelewa.

Nilimwambia nimechoka. Akasema yeye anamaliza siku nzima kwenye shamba la pareto la mzungu, na hajasikia mtu akimuuliza kama amechoka. Nikamwambia mama yake. Akasema mtoto wa kwanza ndivyo alivyo, yeye alizaa tisa. Amezika wangapi kati ya hao hakusema, nami sikuuliza, ingawa nilitaka kumuumiza.

Kuna siku nilimfinya Boni pajani, kwa kucha. Alilia zaidi, bila shaka. Nikamfinya tena.

Nilimchukia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na mimi niliujua vizuri, ila haukuwa ule wanaousema wao.

Kwetu mwanamke akishika mimba nyingine wakati ananyonyesha, mtoto anaachishwa ziwa siku hiyohiyo. Maziwa yale sasa ni ya yule aliye tumboni. Huyu wa nje akiyanyonya anaharisha, anakonda, anakufa. Na akiwa ni mtoto wa kwanza, anapelekwa kwa mama wa baba yake, anakaa huko mpaka asahau ziwa. Hakuna anayeuliza swali. Mama anabaki nyumbani mikono mitupu.

Mikono mitupu! Wazo hilo liliniingia mtoni nikifua nguo za Boni, likakataa kutoka.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Ngungu, na Boni alikuwa ametimiza miezi tisa. Jumapili baada ya misa nilimwambia nina mimba. Alinitazama tumbo, akamtazama mtoto, akamchomoa mgongoni mwangu palepale barabarani.

“Usimupe tena ziwa, hata mara moja,” alisema. “Leo njo nakwenda naye.”

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hawajatembea kutoka hapa mpaka Ngungu. Ni siku nzima ya kupanda na kushuka. Boni alilia mpaka wakapotea nyuma ya kilima. Mimi niliingia ndani nikalala mchana kweupe, miguu ikiwa na matope. Nilipoamka ilikuwa kesho yake, jua limepanda, Anselme ameshakwenda kazini na amenifunika blanketi lake. Kumbe huruma alikuwa nayo. Alikuwa amemwekea yule wa tumboni.

Wiki zile nilikula raha, na sitaki kudanganya hapa pia. Anselme alikwenda kisimani mwenyewe, watu wakamcheka, hakujali. Jirani yangu Mama Safi alininyang'anya jembe akanilimia mistari miwili ya viazi. Kwa mtoto aliyekuwepo hakuna aliyewahi kunipokea hata kibuyu cha maji. Kwa asiyekuwepo nililetewa kiti.

Maziwa tu ndiyo yaliyokataa kushiriki uongo wangu. Yalijaa, yakauma, nikayakamua nyuma ya migomba kila asubuhi, chini, kwenye majani. Nilikuwa nawaza itakapofika mwezi wa tatu niseme mimba imetoka. Nilikuwa nimeshachagua mpaka siku ya kulia.

Boni sikumkumbuka kila siku.

Wiki ya tano, Jumapili iliyopita, mwanamke mmoja aliyetoka kwenye soko la Ngungu alisimama mlangoni kwetu bila kukaa. “Mama-mukwe anasema mukuje,” alisema. “Mutoto iko anakataa uji.” Tuliondoka kesho yake kabla ya jua. Njia nzima Anselme alinishika mkono penye utelezi, kwa ajili ya tumbo, na mimi nilimwacha anishike.

Tulifika jioni. Boni alikuwa mapajani mwa bibi yake, miguu imevimba inang'aa, nywele zimepoteza weusi. Hakulia. Alinigeuzia macho, akayafumba, kama mzee anayesumbuliwa na mgeni.

Bibi yake alikuwa amejaribu uji wa mtama, ndizi ya kuponda, mchuzi wa maharage. Alikuwa amempa hata ziwa lake mwenyewe lililokauka miaka mingi, akaniambia hilo kwa aibu. Kwa wiki tano alikuwa amelala akiwa ameketi. Macho mekundu, midomo imepasuka. Uso ule niliujua. Nilikuwa nimeuvaa mimi miezi tisa, nikaenda kumvika mwanamke mzee.

“Ziwa iko hapa karibu,” alisema akilia, “lakini iko sumu. Tutafanya nini, mama?”

Ningeweza bado kunyamaza. Naandika hivyo kwa sababu nilifikiri. Nilisimama pale nikapima: nikisema, nitakuwa mwongo maisha yangu yote, nisiposema, atakufa, na watanipa pole. Nilipima, Mungu wangu. Sijui ni kwa muda gani.

Kisha nikafungua blauzi.

Mama mkwe alinishika mkono. Anselme alipiga kelele, “Unataka kumuua mutoto?”

“Hakuna mimba,” nilisema. “Haikukuwa hata siku moja. Nilidanganya.”

Boni alichelewa kushika. Ziwa lilimwingia mdomoni likatoka, likaingia likatoka, mpaka nikamkamulia matone kwenye ulimi. Mwishowe akavuta, kidogo sana. Anselme alitoka nje kwenye mvua na mpaka leo hajanisemesha.

Mama mkwe aliniuliza, “Juu ya nini?”

“Nilichoka, Mama. Nilikuambia.”

Boni alipoachia ziwa, alimfuta mdomo kwa ncha ya kitenge chake. Hakuwa na hasira. Hakuwa na nguvu ya hasira.

“Ulisema ulichoka,” alisema. “Haukusema kama utamuua.”

Nilitembea na maneno hayo jana siku nzima kutoka Ngungu, mtoto mgongoni, mume mbele hatua hamsini. Kulikuwa na namna nyingine ya kuyasema? Ningelia zaidi? Ningewaonyesha paja la Boni? Kwetu mwanamke akisema amechoka, watu wanaitikia kama wanavyoitikia salamu. Na hata hivyo si wao waliomkamulia mwanangu chakula chake kwenye majani ya migomba. Ni mimi, kila asubuhi, huku nikipiga miayo ya raha.

Leo Mama Safi amepita mbele ya nyumba, amemwona Boni yuko ziwani, akatazama upande wa pili. Anselme amekula viazi vya baridi, akaondoka. Nikishika mimba ya kweli, hakuna atakayeniamini, na sitastahili kuaminiwa. Boni amenyonya mara tano tangu asubuhi. Miguu bado imevimba. Nikibonyeza, shimo linabaki. Halii, hata nikimwangusha kidogo kitandani ili alie. Ndiyo, nimefanya hivyo pia. Nataka alie. Tangu juzi naomba alie.

Niliacha kuandika kidogo kwa sababu aliamka.

Amelia. Si kwikwi, ni kilio kile chake cha zamani, kirefu, cha kukwaruza, cha mtoto mwenye haki yake. Nimemchukua nikamrusha juu, nimecheka peke yangu, nimemwita kwa majina yake yote. Nimefurahi. Nimefurahi kweli, kwa muda wa kumfunga mgongoni. Kisha, kabla hata sijakaza fundo la kitenge, nilikuwa nimeshaanza kuhesabu saa zilizobaki mpaka alfajiri.

Mungu, nikikuomba usingizi, usinisikilize.