Vidonge Nilivyokufichia

Dada Mwanaidi,

Mungu akupe raha huko uliko. Mimi hapa Handeni sina raha, na wewe ndiye uliyeniweka hivi, kwa hiyo leo utanisikiliza.

Kwenye hitima ya arobaini yako, mama yako alinishika mkono mbele ya watu, akaniwekea magotini mkeka wako wa yoga. "Wewe si wa tumbo langu, lakini ndiye uliyemfuata tangu mwanzo," akasema, "wafundishe wenzako." Wanawake wakaitikia mashallah. Nikaupokea. Tangu siku hiyo kila asubuhi wanajaa uani kwangu na madera yao, na vichupa vyao vya maji ya uwatu. Tunanyoosha migongo, tunavuta pumzi kama alivyokufundisha yule mama wa Kihindi uliyemfanyia kazi Korogwe. Wanakutaja kila dakika. Mwanaidi alishusha mafuta ya damu kwa uwatu, manjano na mazoezi. Mwanaidi hakumeza kidonge hata kimoja. Nami nipo mbele yao, mguu mmoja juu.

Na ni mimi niliyekuwa nakununulia hivyo vidonge. Kila mwezi nakwenda Korogwe na cheti chako cha daktari, ili wa duka la dawa la hapa asije akaitoa siri. Nakuletea ndani ya mfuko wa vitunguu. Ulikuwa ukivimeza jioni, umelipa dirisha mgongo, kisha unanigeukia: "Ukisema, mimi na wewe basi." Nikaapa. Nilidhani ni aibu ya mwalimu tu, itapita. Na kusema kweli mazoezi yalikusaidia. Ulipungua, ukapata usingizi, ukaacha chipsi. Dawa na mazoezi vilikwenda pamoja. Ungesema hivyo tu, nani angekucheka?

Nakumbuka siku ya kwanza uliponisimamisha kwa mguu mmoja, nikamwangukia jirani yetu Mama Salehe, naye akaangukia beseni la nguo. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Alipokuuliza kama haya si mambo ya kuabudu jua, ukamjibu, "Mimi naomba mgongo usiniume tu, jua lina mwenyewe." Nimekukumbuka mno, dada. Halafu homa ya siku tatu, tatu tu, ikakuchukua, na siri ikabaki kwangu peke yangu.

Hata hivyo ningevumilia. Ila wiki iliyopita nilipanda kijijini Kwashemshi kumjulia hali mama yako. Nilikuta dawa zake mwenyewe za mafuta ya damu zimefungwa kwenye leso, zimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Hajazigusa tangu tukuzike. "Mwanangu alipona bila vidonge," akaniambia, "mimi nivimeze kwa nini?" Tulipokwenda shambani alisimama mara tatu, mkono kifuani. Akasema ni kilima tu. Kilima alichokipanda tangu utoto wake!

Nikampokea jembe, siri nikarudi nayo Handeni. Nikimwambia, atajua mwanawe alimdanganya, na mwanawe hayupo wa kumwomba radhi. Nisipomwambia... hapana, hilo siwezi hata kuliandika. Unaona ulivyonibana? Huku kiapo changu kwako, huku kifua cha mama yako. Nikikaa uani wananiita mwalimu, nikitoka njiani wananiita mwalimu. Wiki nzima nimekuchukia. Wiki hiyo hiyo nimekulilia.

Basi nisamehe, au usinisamehe, nimeshaamua. Keshokutwa napanda tena Kwashemshi. Nitamwambia mama yote, kwamba ulimeza kila jioni, na kwamba mletaji nilikuwa mimi. Nikirudi nitawaambia na hawa wa uani, hata wakibaki wawili. Mazoezi sitayaacha, hilo nakuahidi, na jina lako nitalitaja kwa mazuri yote uliyonifanyia.

Lala salama, dada yangu. Najua mama atalia, na pengine atanifukuza. Akinifukuza nitakaa nje ya mlango wake, nisiondoke, mpaka aniombe maji ya kumezea vidonge vyake.

Mdogo wako,
Rehema