Ukuta Uliolala

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi. Hapa hatujambo, ila tangu kile kiharusi mguu na mkono wa kushoto imesusa kazi kama vibarua. Wa kulia mzima, ndio unaokuandikia. Wewe je, mafua yamekuacha?

Nimerudi kutoka hospitali nikakuta balaa: nyumba yangu imelala! Ukuta wa chumbani, niliousimamisha kwa mikono yangu kabla hujazaliwa, umeinamia kulia. Mama yako anasema naota. Yule binti wa mazoezi anayekuja nyumbani ndiyo kabisa. Nikisimama wima ananisukumia kulia, nikipiga kelele kwamba ananiangusha, anajibu, "Mzee, ndiyo umenyooka hivyo." Mimi, mwashi, nifundishwe wima! Nimemwambia mazoezi basi mpaka ukuta ubomolewe. Nimemwita Kipara, yule niliyemfundisha kazi, aje na nyundo mwisho wa mwezi.

Baba yako

11 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mafua yamekwisha, wasiwasi ndio umeanza. Mama kanipigia simu analia. Anasema ukikaa kitandani unadondokea kushoto, na binti wa mazoezi amemwonya kwamba usipousimamisha mguu sasa, utazoea kulala. Baba, naogopa. Sitaki nirudi nikukute hujui tena njia ya mlangoni.

Kuhusu ukuta sibishani nawe, nani abishane na fundi? Ila nakumbuka nilivyokuwa nakushikia timazi, ile kamba yako yenye chuma mwishoni, nawe unaniambia, "Usiulize jicho, jicho lina upendeleo." Kabla nyundo haijagusa ukuta, litundike. Kama umepinda kweli, nitakuomba radhi kwa magoti. Na binti wa mazoezi awepo, awe shahidi.

Mwanao

2 Aprili

Baba,

Shikamoo tena. Mbona kimya? Mama namuuliza, anasema, "Muulize mwenyewe." Umebomoa?

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, zote mbili. Hatujambo, na safari hii si maneno ya barua tu. Kimya changu kilianza kwa aibu, kikaishia kwa mshangao.

Kipara alikuja na nyundo begani. Nikamwambia timazi kwanza. Akalitundika, chuma kikacheza, kikatulia. Kamba na ukuta, pacha! Nikamwambia atundike mlangoni. Pacha. Dirishani. Pacha. Binti wa mazoezi akaleta kioo kikubwa cha mama yako, akakisimamisha mbele yangu, kamba ikiwa katikati. Lahaula! Aliyelala ni mimi, kama nguzo iliyogongwa na lori. Na moyoni, mwanangu, nilikuwa wima kabisa, ningeapa. Mpaka leo nashangaa: kumbe mtu anaweza kuwa anaanguka huku ana hakika amesimama.

Binti hakunicheka. Alisema ugonjwa ndio ulioniibia wima, na wima hufundishika. Basi kila asubuhi ni mimi, kioo na kamba. Pua kwenye kamba, kitovu kwenye kamba. Mwili mzima unalia kwamba naanguka, mimi natii kamba. Tulianza kwa kukaa, tukaja kusimama, kisha kuhamisha uzito mguu hadi mguu. Nimetukana, nimelia, Kipara kanishika mkanda wa suruali mpaka suruali imechanika, mama yako akacheka hadi akakaa chini.

Jana mguu wa kushoto ulinyanyuka. Niliutazama kama wa mtu mwingine. Ukaenda mbele, ukatua, ukanibeba! Mungu mkubwa, miaka yote hii nimetembea bila kujua ni muujiza.

Nilikwenda hadi ukutani. Mama yako alidhani naufuata niegemee. Wapi! Niliupapasa, nikauomba radhi.

Kwa hiyo magoti yako yatunze, huna deni. Ila ukija, bisha hodi mara moja tu, usisukume mlango, na usimruhusu mama yako akufungulie. Hata ukiona kimya, subiri hapohapo nje. Nakuja.

Baba yako